Digrii Kumi na Saba

Kosa lilikuwa kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi na sita, mstari wa nne kutoka juu, na Mzee Taavetti Karhapää aliligundua Jumapili asubuhi kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha kahawa.

Hakupiga kelele. Watu wa Ziwa Kuikka hawapigi kelele ndani ya nyumba, na wakitoka nje hupunguza sauti zaidi. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa, akausoma mstari ule mara ya pili. Kisha akafanya jambo lililomtisha kila mtu pale mezani: alirudisha andazi lake la mdalasini kwenye sahani bila kuliuma.

"Ilmo," akasema. "Hebu sogea hapa."

Ilmo akasogea. Alikuwa kijana mrefu wa miaka ishirini na saba, mabega mapana, nywele za rangi ya majani makavu, na masikio ambayo yalikuwa mekundu tangu hajaulizwa chochote. Kando ya jiko la kuni, Vilja, binti wa mzee, aliacha kumenya viazi. Macho yao yakakutana kwa nukta moja tu, lakini nukta hiyo ilikuwa na mambo mengi ndani yake, na mengi ya hayo yalikuwa hofu.

Daftari lililokuwa mbele ya mzee lilikuwa na jalada la kitambaa cha bluu, na kwa miaka thelathini na minne hakuna siku ambayo familia ililala ziwani bila kuandikwa humo. Saa moja kamili asubuhi mtu alikwenda mwisho wa gati, akavuta kamba, akatoa kipimajoto majini, akakisoma. Joto la hewa. Joto la maji. Upepo. Ndege waliopita. Jina la mgeni, kama yupo. Wengine hurithisha mashamba na pete za dhahabu. Mzee Taavetti, aliyekuwa mwongoza treni mpaka alipostaafu, angerithisha daftari.

Wiki mbili zilizopita alikwenda mjini kupasuliwa goti, na kalamu akamkabidhi Ilmo. Kwa mikono miwili. Kerttu, mkewe, alitokwa na machozi. Kila mtu alielewa maana yake: kijana amekubaliwa nusu kuwa mkwe. Nusu iliyobaki ingekuja yenyewe, mradi asiharibu.

"Jumamosi iliyopita," mzee akasoma, kidole juu ya karatasi, "maji digrii kumi na tatu na nusu. Jumatatu, maji kumi na tatu. Sasa Jumapili, katikati hapa, maji kumi na saba."

"Ndiyo, mzee."

"Usiku wake kulikuwa na ukungu na hewa digrii nne."

"Ndiyo, mzee."

"Kwa hiyo ziwa zima, kilomita kumi na moja kwa tatu, lilipata homa Jumamosi usiku, likapona Jumatatu."

Kerttu alijikohoza ndani ya kikombe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye uso wa kucheka, na wakati huo uso ulikuwa unampa taabu.

"Baba," Vilja akasema, "viazi vinakaribia kuchemka."

"Viazi umevishika mkononi, mwanangu." Mzee hakumtazama. "Ilmo. Ulisoma nini kwenye kipimajoto?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutorokea. Angeweza kusema kamba ilinasa, jua lilimpiga machoni, kalamu iliteleza. Ilmo alimtazama Vilja: mikono yenye maji ya viazi, shungi moja la nywele limeponyoka na kulala shingoni, macho ya kijivu kama ziwa lenyewe asubuhi ile. Akagundua kwamba hawezi kusema uongo mara ya pili mbele ya shingo ile.

"Kumi na tatu," akasema.

"Ukaandika kumi na saba."

"Ndiyo."

"Mpima ardhi!" Mzee aligeukia dirisha, kana kwamba anaiomba misonobari iwe shahidi. "Mtu analipwa na serikali apime! Kesho utapima barabara, upunguze kona kwa sababu huipendi?"

"Kwa nini, Ilmo?" Kerttu akauliza taratibu. "Sema tu."

Masikio ya Ilmo yakazidi kuwaka. Kusema kwa nini kulimaanisha kusema kila kitu, mbele ya baba, mama, na sufuria ya viazi. Akanyamaza. Ukimya, ambao kwa kawaida ni adabu kubwa katika nyumba ile, safari hii ulionekana ni kiburi.

"Basi," Mzee Taavetti akasema, akifunga daftari. "Leo ni siku ya mwisho hapa mpaka barafu iyeyuke Mei. Utatusaidia kutoa gati majini, maana goti langu haliwezi. Utakula viazi, maana sitaki kukudhulumu. Kisha utapanda basi la saa sita. Lakini jina lako halitaandikwa tena humu."

"Baba!"

"Asiyeandikwa humu hajawahi kufika hapa, Vilja. Hiyo ndiyo kanuni tangu hujazaliwa."

"Basi na mimi usiniandike!"

"Vilja," Ilmo akasema kwa upole, "usiseme hivyo." Akavaa mabuti yake ya mpira na kutoka nje, akiinama ili asigonge kichwa mlangoni. Aligonga.

*

Nje palikuwa pazuri kiasi cha kuudhi. Baridi ya usiku ilikuwa imeacha unga mweupe kwenye nyasi, na jua la Septemba liliung'arisha bila kuuyeyusha, jua lenye mwanga mwingi na joto dogo. Ziwa lilifuka moshi. Kila mti wenye gome jeupe ulikuwa na tawi moja la njano, kama mwanamke aliyeona mvi ya kwanza na bado hajaamua kama aing'oe. Mbali upande wa pili korongo walikuwa wakikusanyana, wakipiga kelele zote ambazo watu wa pale walikuwa wamezibana.

Ilmo alipiga magoti mwisho wa gati, akaanza kufungua skrubu. Alikuwa kwenye ya tatu aliposikia mbao zikilia nyuma yake. Alizijua hatua hizo.

"Usifungue hiyo," Vilja akasema. "Nimesimama juu yake."

"Sogea basi."

"Sisogei."

Akaketi kando yake, miguu ikining'inia juu ya maji. Alikuwa amevaa sweta ya baba yake, mikono imepita vidole. Walikaa hivyo, bega karibu na bega, bila kugusana. Kati yao pangeweza kupita karatasi, ila si daftari.

"Kwa nini hukumwambia?" akauliza.

"Nimwambie nini? Nimedanganya kitabu chako, mzee, kwa sababu binti yako haingii majini yakiwa chini ya kumi na saba?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Tangu una miaka tisa hujavunja hiyo kanuni. Wewe mwenyewe uliniambia. Na mimi nilitaka tuogelee mpaka kwenye jiwe lile." Alionyesha jiwe kubwa la kijivu, mita hamsini kutoka ufukweni, ambako ndege wawili weusi walikuwa wamekaa kama mahakimu. "Hapa nchi kavu siwezi kuongea na wewe. Kila nikifungua mdomo, mama yako ananitia andazi."

Vilja akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. "Na tulifika kwenye jiwe."

"Tulifika."

"Tukakaa juu yake."

"Tulikaa."

"Nikakutazama, nikangoja. Unakumbuka ulisema nini?"

Ilmo alikunja uso. Alikumbuka. Alikuwa amemwomba Mungu awe anakumbuka yeye peke yake, na Vilja awe amesahau.

"Nilisema... mandhari ni nzuri."

"Mandhari ni nzuri!" Vilja akampiga bega kwa mkono mtupu wa sweta. "Nimetetemeka mpaka magoti yanagongana, vidole vya miguu sivisikii, nangoja maneno ya maisha yangu, na mwanamume ananiambia mandhari ni nzuri!"

"Meno yalikuwa yanagongana. Nilianza kusema neno lingine, likakatika. Hilo ndilo lililotoka zima." Kisha akamgeukia taratibu. "Ngoja. Umesema ulitetemeka. Siku ile uliniambia maji ni matamu."

Vilja alitazama ziwa. Shavu lake lililokuwa upande wa Ilmo likaanza kupata rangi.

"Ilmo, kazi yangu ni nini?"

"Unapima watu macho."

"Napima watu macho. Siku nzima nasoma namba ndogo ukutani. Unadhani siwezi kusoma kipimajoto?" Akavuta pumzi. "Siku ile niliamka saa kumi na mbili na nusu. Nilikuja hapa kabla yako. Nikavuta kamba. Kumi na tatu."

Ilmo alisahau bisibisi mkononi. Ikaanguka majini, chubwi, na hakuna aliyeigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua. Halafu wewe ukaja na sura ya mtakatifu ukaniambia kumi na saba. Nikajiuliza, huyu mtu, ambaye hadanganyi hata akicheza karata, ana jambo gani la kuniambia lenye thamani ya digrii nne? Nikaingia." Sauti yake ikashuka. "Baba akapiga simu jioni toka hospitali, akaniuliza maji yakoje. Nikamwambia kumi na saba."

"Vilja. Umemdanganya baba yako?"

"Nimemdanganya."

Walitazamana. Ukungu ulikuwa umefika kwenye kope zake na kuacha vitone vidogo, na Ilmo aliona kwamba akiinua kidole kimoja tu anaweza kuvifuta. Alikiinua. Kidole kilifika nusu ya njia.

"Ilmo!" Kerttu aliita kutoka mlangoni. "Umekula maandazi mangapi asubuhi?"

*

Vilja aliingia ndani kwanza, Ilmo nyuma yake. Mzee Taavetti alikuwa amekaa palepale, mkono juu ya jalada la bluu kama anayempima mgonjwa homa.

"Baba, sikiliza. Ukimfuta Ilmo, nifute na mimi. Nilikisoma kipimajoto kabla yake. Niliona kumi na tatu. Na ulipopiga simu nikakwambia kumi na saba kwa mdomo wangu."

Mzee alimtazama. Hapakuwa na hasira usoni pake, na hilo ndilo lililomuumiza Vilja.

"Nilidhani ni dawa za hospitali," akasema polepole. "Nililala pale nikijiambia, Taavetti, umesikia vibaya, dawa hizi ni kali. Kumbe ni mwanangu."

"Nisamehe, baba."

"Miaka thelathini na minne," mzee akasema, akiongea na jalada. "Wageni wanakuja, wanauliza, na mimi nafungua. Kila namba humu mtu ameiona kwa jicho lake. Ndicho kitu pekee nilichokuwa na uhakika nacho."

Pale jikoni Kerttu aliweka kifuniko kwenye sufuria. Alikiweka kwa uangalifu mno, kama mtu anayetaka kuchelewesha sentensi.

"Taavetti," akasema. "Unakumbuka mwaka ule ulipoanguka kwenye ngazi?"

"Mguu. Julai. Siku ishirini na mbili kitandani. Hiyo inahusu nini?"

"Nani alikuwa anasoma kipimajoto?"

"Wewe."

"Nilikuwa na mtoto wa miezi saba anayelia usiku kucha." Kerttu alimwonyesha Vilja kwa mwiko. "Yule pale. Na mume wa kulishwa. Hivi kweli, baba Vilja, unadhani saa moja asubuhi mimi nilikuwa mwisho wa gati?"

Moto ulipasuka jikoni.

"Kerttu," mzee akasema kwa sauti nyembamba. "Ulifanyaje?"

"Nilitazama dirishani. Ziwa likiwa na rangi ya chai, nilikuwa naandika kumi na tisa. Likiwa na rangi ya chuma, kumi na saba. Jua likipiga vizuri, naongeza digrii moja kwa furaha."

Mzee Taavetti alifungua daftari, akarudi nyuma kurasa nyingi, mpaka kwenye karatasi zilizogeuka rangi. Akasoma. Akageuza ukurasa. Akasoma.

"Hizi," akasema hatimaye, "ndizo kurasa ninazowaonyesha wageni."

"Najua."

"Nawaambia, tazameni Julai ilivyotulia! Hakuna Julai nyingine kama hii!"

"Najua, mume wangu. Nimekuwa nikikaanga samaki nyuma yako kila ukisema."

Vilja alishika ukingo wa meza. Bega la kulia la Mzee Taavetti likaruka mara moja. Kisha la kushoto. Kwa sekunde mbili wote walidhani ni kiharusi. Kisha Kerttu, aliyeishi naye muda mrefu kuliko daftari, akatambua kwamba mumewe anacheka. Hakutoa sauti. Machozi tu yalimtoka, yakaangukia Julai.

Alipomaliza alijifuta, akasimama kwa kuegemea fimbo, akaweka daftari kwapani na kuvaa kofia.

"Hata hivyo," akasema kwa uzito wote wa gari moshi, "kosa ni kosa. Daftari haliwezi kubaki na namba ambayo hakuna mtu ameiogelea. Kijana, vua mabuti."

"Mzee?"

"Utakwenda mpaka jiwe lile na kurudi, ili ulipe zile digrii nne. Na kama una neno la kumwambia binti yangu, liseme huko huko, safari hii lisikatike. Basi ni saa sita."

*

Kipimajoto kilipotolewa majini kilionyesha kumi na moja. Walikisoma wote wanne, mmoja baada ya mwingine, na Kerttu alilazimishwa kukisoma mara mbili.

Ilmo alisimama mwisho wa gati akiwa na kaptura tu, ngozi imesimama vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Akahesabu moja, mbili. Kabla ya tatu alisikia sweta ikianguka juu ya mbao.

"Vilja, ni kumi na moja!"

"Nimesoma. Kazi yangu ni nini?"

Akaruka. Maji yakafunguka na kufunga, kisha kichwa chake kikatokea, mdomo wazi, na yowe likavuka ziwa na kuwarusha korongo wote angani. Ilmo akaruka nyuma yake bila kumaliza kuhesabu.

Mita hamsini ni fupi wakati wa Julai. Mwanzoni mwa Septemba zina milima ndani yake. Waliogelea bega kwa bega, wakipiga makelele na kucheka, na mara moja mguu wake ulimgusa na Ilmo akasahau baridi kwa pigo zima la mkono. Wale mahakimu weusi waliruka. Wakapanda juu ya jiwe, wakakaa wameshikana mikono, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuacha kutetemeka.

Jua lilikuwa limeshamaliza ukungu. Ufuko wote ulionekana: nyumba ya mbao, moshi wa sauna, kibanda cha kuogea mvuke ambacho Kerttu alikuwa ameshakikimbilia kukiwasha, na mzee mwenye fimbo aliyesimama wima kama ishara ya reli.

"Sasa," Vilja akasema, midomo ya bluu. "M-mandhari ikoje?"

"Sijaitazama." Ilmo alimshika uso kwa viganja viwili vya barafu. Meno yaligongana, lakini alikuwa ameyapanga maneno wiki nzima, mafupi, yasiyokatika kirahisi. "Vilja. Nakupenda. Nioe. Yaani, nikuoe. Tuoane."

"Hilo la tatu," akasema Vilja, akicheka na kulia. "Nalichukua hilo la tatu."

Akambusu. Lilikuwa busu baridi kuliko yote yaliyowahi kutokea katika wilaya ile, na hakuna kati yao aliyelalamika.

"Wanasemaje?" Kerttu alipiga kelele kutoka mlango wa sauna.

"Siwezi kusikia!" Mzee Taavetti akajibu, akiwa amewapa mgongo kwa heshima. "Anasemaje, Vilja?"

"Ndiyo, baba!"

"Ndiyo nini? Naandika!"

"Ndiyo, tunaoana! Andika!"

Mzee aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, daftari gotini, lile goti zima. Walipopanda gati wakimwaga maji, alikuwa bado anaandika, kwa herufi zake za ratiba ya treni. Kerttu aliwafunika kwa taulo moja, maana alileta moja tu, kwa makusudi. Basi la saa sita lilipita barabarani nyuma ya misonobari, na hakuna aliyeligeukia.

"Vilja," mzee akauliza bila kuinua kichwa. "Kwa daftari. Maji yalikuwaje?"

Vilja alijibana ndani ya taulo, meno yakimpigia ngoma, na kumtazama Ilmo.

"Kumi na saba, baba."

Kalamu ilisimama. Mzee alitazama ziwa, akamtazama mkewe, akatazama zile karatasi zilizogeuka rangi. Kisha akainama na kuandika:

*Jumapili. Hewa 9. Maji 11, mashahidi wanne. Upepo hakuna. Korongo wameondoka saa sita kasoro, wameshtuliwa. Mgeni: hakuna. Ilmo yupo.*

Akafikiri kidogo, kisha pembeni, kwa herufi ndogo, akaongeza:

*Kwa Vilja, 17.*